Mafunzo Yasiishie Ukumbini

Hebu hesabu semina ambazo kikundi chenu kimehudhuria tangu kianzishwe. Kuna ile ya kuweka hesabu, ile ya ng'ombe wa maziwa, ile ya kuku, labda moja ya uongozi na nyingine ya kutunza mchanga na miti. Vyeti viko, vingine vimetundikwa ukutani kwa mwenyekiti. Madaftari yako pia. Sasa jiulize swali la pili: katika yote yaliyofundishwa huko, ni mambo mangapi yaliyofanywa leo asubuhi hapa kijijini, bila mgeni kusimama kando akiangalia?

Kwa vikundi vingi jibu linauma. Mweka hazina alifundishwa kitabu cha fedha kwa siku tatu nzima, lakini pesa za kikundi bado zinaandikwa nyuma ya daftari la mahudhurio. Wakamuaji walionyeshwa namna ya kumkagua ng'ombe kabla ya kukamua, lakini maziwa bado yanarudishwa na kiwanda. Halafu mwaka unaofuata tunaomba semina ingine, na mara nyingi ni ile ile.

Watu husema shida ni kusahau. Wengine humlaumu mwalimu, ati aliongea haraka au alitumia Kiingereza kingi. Wengine hulaumu wanakijiji wenyewe, ati hawapendi mambo mapya. Sababu hizo zina ukweli kidogo, lakini shida kubwa iko mahali pengine, na ukiijua utaona kwamba dawa yake si ghali. Tuanze na hospitali moja ya jirani zetu Tanzania, kwa sababu huko jambo hili lilipimwa kwa hesabu.

Mwanasesere na mtoto

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania, mbali na miji mikubwa. Mnamo Aprili 2010 wakunga na wahudumu wengine wa hapo walifundishwa kwa siku moja jinsi ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Mafunzo yenyewe yanajulikana kama Helping Babies Breathe, na yalitengenezwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani pamoja na washirika wake. Ni mafunzo mazuri, tena rahisi kuelewa. Mtoto anakaushwa na kusuguliwa mgongo. Kama njia ya hewa imeziba, inasafishwa. Kama bado hapumui, anapewa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijaisha tangu azaliwe. Dakika hiyo wanaiita dakika ya dhahabu. Mazoezi hufanywa kwa mwanasesere aliyetengenezwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya mafunzo, wahudumu walipopewa mwanasesere "asiyepumua", ni 18 tu kati ya kila 100 waliofaulu kumhudumia sawasawa. Miezi saba baada ya mafunzo walijaribiwa tena, na wakafaulu 74 kati ya 100. Soma hapo vizuri: baada ya miezi saba walikuwa bado wanajua. Hawakuwa wamesahau.

Lakini watafiti hawakuishia kwa mwanasesere. Walikuwa pia wanaandika kinachotendeka kwenye chumba chenyewe cha kuzalia, kwa watoto wa kweli. Na huko hakukuwa na mabadiliko ya maana. Watoto waliosafishwa njia ya hewa au kupewa hewa kwa mfuko walibaki kiasi kile kile kama zamani. Kusugua mgongo, ambayo ndiyo hatua rahisi kuliko zote, kulipungua hata. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na tunawashukuru waliokubali yaandikwe, kwa maana si kila mtu anapenda kutangaza habari kama hiyo.

Inawezekanaje mtu ajue, afaulu mtihani, na bado asifanye? Fikiria tofauti ya mahali. Kwenye mafunzo mwanasesere yuko juu ya meza, taa inawaka, vifaa viko mkononi, mwalimu anatazama, na kila mtu anajua kwamba sasa tunafanya zoezi la mtoto asiyepumua. Kwenye chumba cha kuzalia ni saa nane ya usiku. Mama anavuja damu, mhudumu ni mmoja au wawili, mwingine ameitwa wodi ya pili, na hakuna anayepiga kengele kusema mtihani umeanza. Wakati kama huo mtu hafanyi alichosoma. Anafanya alichozoea. Mikono ina mazoea yake, na semina ya siku moja haiyaondoi.

Basi walifanya nini Haydom? Hawakuita semina kubwa zaidi. Kuanzia Februari 2011 walileta zoezi mahali pa kazi. Mwanasesere, mfuko na barakoa viliwekwa pale pale wanapozalisha. Kila wiki wahudumu walifanya zoezi fupi la dakika tatu mpaka tano, wakiwa kazini. Kila mwezi kulikuwa na zoezi refu kidogo la dakika 40. Na wenyeji wa pale pale, si wageni, walichaguliwa kuwa ndio wa kuwahimiza wenzao. Hayo tu.

Mwaka mmoja baadaye walilinganisha na mwaka uliotangulia. Watoto waliosuguliwa na kusafishwa mapema waliongezeka, na waliohitaji mfuko wakapungua. Watoto waliokufa katika saa 24 za kwanza walishuka kutoka kama 11 kwa kila 1,000 hadi kama 7 kwa kila 1,000. Chukua hospitali inayozalisha watoto 4,000 kwa mwaka: hiyo tofauti ni kama watoto 16 waliorudi nyumbani na mama zao.

Ni haki kusema kwamba hiyo ilikuwa hospitali moja, na kulinganisha mwaka na mwaka kunaweza kuingiza mambo mengine. Lakini kazi haikuishia hapo. Mpango uliokua kutokana na mambo hayo ulipelekwa kwenye hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano ya Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto vinavyotokea karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Huko waliongeza vifaa vipya na kufuatilia takwimu zao wenyewe, kwa hiyo si mazoezi peke yake yaliyofanya hivyo. Hata hivyo mazoezi mafupi ya mara kwa mara, mahali pa kazi, yalikuwa nguzo mojawapo.

Tumekaa sana hospitalini kwa sababu kama mkunga aliyesoma anaweza kufaulu mtihani na kazi yake isibadilike, basi sisi wa vikundi tusijilaumu kwamba ni wajinga. Tujiulize tu: zoezi letu liko wapi, na hufanywa mara ngapi?

Kwa nini siku ya mwisho hudanganya

Siku ya mwisho ya semina kila mtu ana furaha. Mwalimu anauliza maswali, watu wanajibu kwa pamoja, picha inapigwa, cheti kinatolewa. Ni kweli kwamba siku hiyo watu wanajua. Shida ni kwamba kujua kwa siku hiyo hakukwambii chochote juu ya mwezi ujao.

Mwaka 2006 huko Marekani watafiti wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine walizisoma tena na tena. Wengine walisoma, kisha wakafunga karatasi na kujaribu kuandika walichokumbuka. Walipoulizwa baada ya dakika tano, waliosoma tena na tena ndio walioshinda. Walipoulizwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojijaribu bila kutazama ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo njia inayopendeza siku hiyo hiyo si lazima iwe njia inayodumu. Kusoma daftari la semina mara nne kunampa mtu raha ya kuona kwamba anaelewa. Kulifunga na kujaribu kueleza kunamtoa jasho, na jasho hilo ndilo linaloshikisha jambo.

Zamani zaidi, mwaka 1885, Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea siku ya kwanza, halafu kinachobaki hupungua polepole. Mambo yenye maana hayapotei haraka hivyo, lakini sura yake ni ile ile, ndiyo maana kikundi kikingoja mkutano wa mwisho wa mwezi ili waliokwenda semina "watoe ripoti", kimechelewa. Ripoti itatolewa, watu watapiga makofi, lakini kitu chenyewe kimeshaanza kuyeyuka.

Na ile fomu ya mwisho wa semina inayouliza kama chakula kilikuwa kizuri na kama mwalimu alieleweka? Si mbaya, lakini inapima jambo dogo sana. Mwaka 1959 profesa Mmarekani, Donald Kirkpatrick, alieleza kwamba mafunzo yanapimwa kwa hatua nne: kama watu waliyapenda, kama walijifunza, kama wanafanya tofauti wakirudi kazini, na kama kazi yenyewe imepata faida. Wafadhili wengi na viongozi wengi huishia hatua ya kwanza. Wachache hufika ya pili. Kikundi ndicho kinachoishi kwenye ya tatu na ya nne, kwa hiyo ni lazima kizipime chenyewe, hakuna mtu atakuja kuwapimia.

Kwenye kibanda cha maziwa

Tuchukue mfano wa kikundi cha maziwa, maana ni vingi na hasara yake inaonekana kwa macho. Tuseme wanachama 30 huleta maziwa asubuhi kwenye kibanda kando ya barabara, na gari la kiwanda hupita saa mbili. Wawili wamerudi kutoka kwenye mafunzo ya siku tatu juu ya usafi wa maziwa. Wamefundishwa mambo mengi: kuosha kiwele kwa maji safi ya uvuguvugu na kukikausha kwa kitambaa cha ng'ombe huyo peke yake, kukagua michirizi ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi kuona kama kuna mabonge au damu, kutomchanganyia kiwanda maziwa ya ng'ombe aliyedungwa dawa mpaka siku alizoandikiwa na daktari wa mifugo ziishe, kutumia mkebe wa alumini badala ya mtungi wa plastiki usioingia mkono, kufikisha maziwa kibandani mapema, kupima maji kwa laktomita, na kupima kwa spiriti kama maziwa yameanza kuchacha.

Kosa la kwanza ni kutaka kuwafundisha wanachama yote hayo kwenye mkutano mmoja. Itakuwa ni semina ingine, tena mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa hakuna chai. Afadhali kikundi kiulize: katika haya yote, ni lipi linalotuumiza zaidi sasa? Kama kiwanda kinarudisha maziwa kwa sababu ya maji, anzeni na laktomita. Kama kinarudisha kwa sababu yamechacha, anzeni na mikebe na saa ya kufika. Jambo moja tu kwa mwezi mmoja.

Tuseme ni laktomita, kile kijiti cha glasi kinachoelea. Asubuhi, kabla ya kuanza kupokea, mmoja wa wale wawili anaonyesha mbele ya wanachama waliofika mapema: maziwa yanakorogwa, yanamiminwa polepole kwenye chombo kirefu bila povu, laktomita inaachwa ielee bila kugusa ukingo, mtu anainama jicho likiwa sawa na uso wa maziwa, anasoma. Ikisoma chini ya 26 maziwa yakiwa na joto la kawaida la chumba, pana shaka ya maji. Maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe husoma chini kuliko yalivyo, kwa hiyo yaachwe yapoe kwanza, msije mkamwonea mtu. Kazi hiyo yote ni dakika tano.

Siku inayofuata anayeonyesha si yule tena. Anaitwa mwanachama mwingine apime huku akisema kwa sauti anachofanya na kwa nini. Akikosea, mwenye kujua anangoja kwanza, anamwachia nafasi ajirekebishe, halafu ndipo anasaidia. Keshokutwa ni mwanachama mwingine. Wakati wa vita kuu ya pili, viwanda vya Marekani vilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wapya, wengi wao kina mama ambao hawakuwa wamewahi kushika mashine, na kulikuwa na mpango wa kuwafundisha ulioitwa Training Within Industry. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walipitia mpango huo kati ya 1940 na 1945. Ulikuwa na hatua nne tu: mwandae mtu, mwonyeshe, mwache afanye mwenyewe, kisha mfuatilie. Ukiangalia, sisi hufanya hatua mbili za kwanza na kuziita mafunzo. Fundi wa jua kali anayefundisha kijana kuchomelea hawezi kufanya hivyo, kwa sababu mlango ukitoka upinde ni yeye atakayegombezwa na mwenye mlango.

Baada ya wiki mbili kila siku, punguzeni iwe mara moja kwa wiki. Mwezi wa pili, anzeni jambo la pili, lakini laktomita isiachwe kabisa. Irudiwe mara moja kwa mwezi, hasa kwa kushtukiza. Mtu aambiwe tu, "Mama fulani, hebu leo utupimie," bila kujitayarisha. Mkiacha muda kidogo upite kati ya zoezi na zoezi, mtu atakuwa amesahau kidogo, na kule kujikumbusha ndiko kunakoongeza nguvu. Wengi huona kusahau kidogo kama dalili kwamba mafunzo yameshindwa. Sivyo. Yameshindwa pale tu ambapo hakuna siku ya kukumbushwa.

Kisha wekeni ubao kibandani, na juu yake kuwe na namba moja: lita zilizorudishwa wiki hii. Si namba kumi, ni moja. Msiandike majina ya walioleta maziwa mabaya, maana mkianza hivyo watu wataacha kupimwa mbele ya wengine na watapeleka maziwa hoteli ya barabarani usiku. Namba ikishuka mtajua mafunzo yamefika kwenye kazi. Isiposhuka baada ya miezi miwili, msiwalaumu waliokwenda semina kabla hamjaangalia kama kuna kizuizi kingine. Pengine laktomita ilivunjika wiki ya kwanza na hakuna aliyesema. Pengine gari la kiwanda siku hizi hufika saa nne badala ya saa mbili, na hapo hata mkamuaji bora duniani atarudishiwa maziwa.

Yale ya kichwani na yale ya ukutani

Si kila jambo linahitaji kukaririwa. Kiasi cha dawa ya kuweka kwenye pampu ya lita 20, siku za kungoja kabla ya kuvuna baada ya kupuliza, tarehe za chanjo ya kuku: hayo yaandikwe kwa herufi kubwa kutoka kwenye kibandiko cha dawa, yawekwe ndani ya karatasi ya nailoni, yatundikwe pale pale kazi inapofanyiwa. Tena ni hatari mtu kuyategemea kichwa, kwa sababu namba hupinduka kichwani na mtu asijue.

Lakini kuna mambo ambayo yakitokea hakuna wakati wa kusoma ukuta. Mkunga na mtoto asiyepumua ni mfano mmoja. Mtu wa posho mill ambaye nguo ya mteja imeshikwa na mkanda ni mwingine: mkono lazima uende kwenye swichi wenyewe. Ng'ombe aliyevimba tumbo ni mwingine. Haya ndiyo ya kuyafanyia mazoezi mara nyingi, mpaka mtu achoke nayo, na ndiyo huwa tunayaacha kwa sababu hayatokei kila siku. Mwenye posho mill na ajaribu siku moja kabla ya kufungua: amwambie kijana wake "mkanda umeshika mtu!" aone inachukua muda gani mashine isimame.

Nani atumwe, na akirudi apewe nini

Mara nyingi mafunzo hufa kabla hata mtu hajaondoka nyumbani. Barua inafika, inasema leteni mtu mmoja, kuna nauli na posho. Basi anakwenda mwenyekiti, au mtoto wa mwenyekiti, au yule mwanachama ambaye amehudhuria semina kumi na hakuna hata moja iliyoonekana kwa kuku wake. Watu wa namna hiyo tunawajua. Hatuwachukii, lakini kikundi kinachotaka kupata faida kitamtuma anayefanya kazi hiyo kila siku, hata kama hajui kuongea mbele ya watu.

Mkiweza, tumeni wawili. Mtu mmoja akirudi na jambo jipya anakuwa kama mwendawazimu peke yake. Wawili wanakumbushana njiani, wanabishana kuhusu alichosema mwalimu, na mmoja akihama au akiolewa mbali, elimu haiondoki na yeye. Vikundi vingi vimepoteza ujuzi wote siku mtu mmoja alipopata kazi Nairobi.

Kabla hawajaondoka, kikundi kiwaambie: mkirudi tunataka muweze kufanya jambo hili. Na kikundi nacho kiahidi upande wake. Kama ni hesabu, kitabu cha fedha kinunuliwe kabla hawajarudi. Kama ni laktomita, pesa zitengwe. Wakirudi wasipewe dakika kumi za "mengineyo" mwishoni mwa mkutano, bali wapewe kazi yenyewe ndani ya siku tatu. Mweka hazina aliyefundishwa kitabu cha fedha Ijumaa na aandike malipo ya kweli ya kikundi Jumatatu, mbele ya wenzake wawili. Tena jambo hili la hesabu linafaa kuzungushwa: katika kila mkutano chukueni risiti tatu na ujumbe mmoja wa M-Pesa, mwanachama yeyote aziandike kwenye ubao kama zinavyoandikwa kitabuni, kisha mwingine ajumlishe. Baada ya mwaka mmoja kikundi kizima kitakuwa kinaweza kusoma kitabu chake, na hilo litamlinda mweka hazina mwaminifu kuliko kiapo chochote.

Viongozi ndio wenye kuua au kuhuisha. Mwenyekiti akifika kibandani na kusema "wacheni hiyo michezo, gari linakuja," zoezi limekwisha, hata kama lilikuwa la dakika tano. Akikubali yeye mwenyewe kushika laktomita na kuisoma vibaya mbele ya watu, basi hakuna mama atakayeogopa kujaribu.

Kuna mafunzo yaliyopangwa hivi tangu mwanzo. Shule za wakulima shambani zilianza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, chini ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na zikafika Kenya katikati ya miaka ya 1990. Wanachama hukutana shambani kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa msimu mzima, tangu kupanda mpaka kuvuna. Wanahesabu wadudu kwenye mmea, wanachora walichoona, wanaamua cha kufanya wiki hiyo, wanarudi wiki ijayo kuona kama waliamua vizuri. Mkipewa nafasi ya kuchagua kati ya semina ya siku tano hotelini na mkutano wa saa mbili kila wiki kwa msimu mmoja shambani kwenu, chagueni wa shambani, hata kama hauna posho. Na kama mfadhili ana pesa za siku tano tu, mwulizeni kwa heshima kama anaweza kufundisha siku tatu, kisha arudi siku moja baada ya mwezi na siku nyingine baada ya miezi mitatu. Gharama haizidi sana, na wengine hukubali wakiona kikundi kimefikiria.

Kwa vikundi ambavyo mafunzo yalishakufa zamani, hakuna haja ya kuomba semina upya. Mwambieni kila mwanachama mwenye daftari la semina yoyote alilete mkutano ujao. Kwanza yafungwe yote, na watu waulizwe wanakumbuka nini. Mtashangaa ni mengi kiasi gani bado yako. Halafu yafunguliwe, muone mlichosahau. Chagueni jambo moja linalowaumiza sasa hivi, andikeni nani ataonyesha, siku gani ya wiki, na mahali, ambapo pawe ni pale kazi yenyewe inapofanyiwa. Kama kifaa kimevunjika, kinunuliwe wiki hiyo. Zoezi la kwanza liwe fupi kiasi kwamba hakuna mtu atakayesema hana nafasi.